Kiwele Kilichofungwa Kaniki

Jamaa zangu wa Gede, na ninyi wa Malindi na Kilifi mtakaoyasoma haya, nina habari ya nyumba moja ya jirani yangu. Shamba lake na langu yametenganishwa na safu ya mikorosho tu, kwa hiyo mengi niliyaona mwenyewe. Yaliyobaki nilisimuliwa na mwenye kuyapata. Nimekaa na habari hii muda mrefu nikijiuliza kosa lilikuwa la nani, na kila nikidhani nimepata jibu, naona bado. Nitawaeleza kwa utaratibu, moja baada ya jingine, nanyi mtapima.

Ilikuwa mwaka wa themanini na sita, kabla ya mvua za masika. Kila alfajiri nilipotoka nje kupiga mswaki nilisikia maziwa yakichuruzika ndani ya ndoo kule kwa Nyevu. Banda lake lilikuwa la makuti, sakafu ya saruji, na humo alikuwamo ng'ombe mmoja wa maziwa aliyeitwa Pasaka kwa sababu aliletwa siku ya Pasaka ya mwaka uliotangulia, akiwa na mimba. Nyevu alikuwa na tabia ya kuzungumza naye akimkamua. Alimweleza kuku gani ametaga wapi, nani kaposwa, mahindi ya nani yameliwa na nyani. Pasaka alitafuna polepole, masikio yake yakicheza, akatoa maziwa ya kujaza ndoo na kubakisha. Nilikuwa nikisimama pale na mswaki mdomoni nikaona raha, ingawa ng'ombe hakuwa wangu.

Pasaka aliletwa na mradi mmoja uliogawa ng'ombe kupitia chama cha akina mama. Lakini sharti la mradi lilikuwa kwamba ng'ombe apewe mwenye shamba, na mwenye shamba ni Dzombo, mumewe Nyevu na baba wa mtoto wao Kazungu. Dzombo alikuwa mpishi katika hoteli ya ufuoni huko Kikambala, akija nyumbani mwisho wa mwezi. Kwa hiyo aliyekata matete, aliyezoa mavi, aliyechota maji na kukamua alikuwa Nyevu, na mwenye ng'ombe alikuwa Dzombo. Siku hizo hakuna aliyeona ajabu katika hilo. Hata Nyevu hakuona.

Mafunzo ya kumtunza yalitolewa bandani kwake, na Bwana Msellem, afisa wa mifugo, mtu wa Malindi mjini, mpole, mwenye kofia ya kufuma na pikipiki iliyokuwa ikizimika kila mara. Akina mama walikaa kwenye magogo. Wanaume walisimama kando ya njia kama watu wanaongoja kitu kingine.

"Akina mama," alisema Msellem, "kiwele ni nyumba ya vyumba vinne. Vyumba vyenyewe havina milango ya ndani. Kila chumba kina mlango mmoja tu, nao ni hili tundu la chuchu. Vijidudu vya maradhi vimo kwenye mavi, kwenye matope na kwenye mikono yetu, na vyote vinautaka mlango huu, maana ndani mna joto na mna chakula. Lakini Mwenyezi Mungu hakuuacha mlango bila bawabu. Hapa mwishoni mwa chuchu pana msuli wa mviringo unaobana tundu kama mdomo wa mfuko uliovutwa kamba. Ndani ya tundu mna utando kama nta, kijidudu kikipita kinanaswa humo, na mkikamua kinasukumwa nje. Na kikiponyoka kikaingia kabisa, damu ya ng'ombe ina askari wake. Wanakuja kupigana nacho humohumo kiweleni."

"Ala!" alisema Mbeyu, mjane mmoja mcheshi. "Yaani ng'ombe ana bawabu na askari, na mimi nyumbani kwangu hata mlango wenyewe ni gunia?"

Watu walicheka, na Msellem naye akacheka. Kisha akawaambia jambo ambalo nimelishika mpaka leo. Alisema tundu la chuchu likishafunguliwa kwa kukamua halijifungi papo hapo. Linachukua kama nusu saa, pengine saa nzima. "Kwa hiyo ukimaliza kukamua, mpe majani. Akila atasimama, na akisimama chuchu hazigusi chini mpaka milango ijifunge. Wewe kazi yako ni moja: kiwele kiwe kisafi na kikavu. Ulinzi ataufanya mwenyewe."

Nyevu alifanya hivyohivyo. Aliosha kiwele kwa maji ya vuguvugu, akakikausha kwa kitambaa safi, akakamua, kisha akamwekea Pasaka matete. Nyumba yote ilikuwa na afya ya maziwa. Kila asubuhi alibeba dumu hadi njia panda ya magofu ya Gede, kwenye hoteli ya Bi Kaltuma, mama wa Mambrui aliyekuwa akipika chai ya maziwa ambayo madereva walisimamisha magari kwa ajili yake.

Sasa sikilizeni palipoharibikia.

Mwisho wa mwezi mmoja Dzombo alikuja, akakaa barazani na kaka yake mkubwa, Randu. Randu alikuwa mgema wa mnazi, ile pombe ya minazi, naye aliishi katika boma hilohilo. Njia ya magari ilipita karibu na banda, na watu walizoea kusimama kumtazama Pasaka. Siku hiyo dereva wa lori la matumbawe alisimama, akashuka, akashika kiuno.

"Lo! Kiwele kama mtungi!" akasema. Akatikisa kichwa, akapanda gari lake, akaenda.

Dzombo akamgeukia kaka yake. "Umemsikia? Hakusema Mashallah. Hata mate hakutema."

"Nimemsikia," Randu akajibu. "Na si yeye wa kwanza."

Jioni ile Pasaka alirusha teke, akaimwaga ndoo. Sababu ilikuwa kupe aliyekuwa mapajani, Nyevu alimtoa kwa vidole vyake. Lakini Dzombo alikwisha kupata maelezo yake. Kesho yake alikuja bandani na kipande cha kaniki nyeusi, akakizungushia kiwele chote, akapitisha ncha juu ya mgongo, akafunga fundo.

"Bwana mifugo alisema kiwele kikae kikavu," Nyevu akasema.

"Bwana mifugo amesomea ng'ombe. Watu hajawasomea."

"Nitamkamuaje?"

"Ipandishe kidogo. Ukimaliza ishushe. Lakini fundo lisifunguliwe na mtu ila mimi. Umesikia, Mama Kazungu? Na wewe kaka umesikia."

"Nimesikia," alisema Randu.

Jioni yake Dzombo akarudi Kikambala.

Msinielewe vibaya. Sisemi kwamba kijicho cha watu hakipo. Sina elimu ya jambo hilo, na nimeona watu wenye heshima zao wakiliogopa. Dzombo alimpenda ng'ombe wake na alitaka kumkinga. Ninalolijua mimi ni la kile kitambaa, maana nilikuwa nikikiona kila siku.

Matone ya mwisho ya maziwa yaliingia kwenye kaniki. Pasaka alipolala, mavi na mkojo viliingia kwenye kaniki. Kisha masika ikaanza, upepo ukasukuma mvua ndani ya makuti, nayo kaniki ikawa haikauki tena. Nyevu alipandisha, akaosha, akakausha kiwele vizuri, akakamua, kisha ikambidi ashushe kitambaa kichafu chenye unyevunyevu juu ya chuchu nne zilizo wazi, katika saa ileile ambayo milango haijajifunga. Ilikuwa kama kumlaza adui kizingitini wakati bawabu amekwenda kunywa maji. Ngozi ya chuchu ililainika, ikapasuka, na kila ufa ukawa kichaka cha vijidudu. Nyevu aliyaona hayo. Alijaribu kufua ncha za kaniki ikiwa mwilini mwa ng'ombe, amechutama na sabuni na beseni, huku fundo liko palepale juu ya mgongo. Nilimkuta akifanya hivyo.

Asubuhi moja Bi Kaltuma alimwita Nyevu jikoni kabla hajatua dumu.

"Mwanangu, njoo utazame. Hii nini?"

Ndani ya sufuria chai ilikuwa imekatika, mabonge juu, maji chini.

"Chai, bibi."

"Chai? Chai hii unainywa au unaitafuna? Mteja kaniuliza kama leo nauza uji na sijatangaza. Wallahi nimefedheheka mbele ya watu." Kisha alimtazama Nyevu usoni akapunguza sauti. "Usilie. Nakuuliza tu. Ng'ombe mzima?"

Nyevu aliacha dumu pale, akaenda moja kwa moja hadi stendi kumwuliza kila anayetoka Malindi kama amemwona Bwana Msellem.

Msellem alifika kesho yake. Aliinama, akaweka kiganja kwenye kiwele, akakiondoa haraka. Chumba cha nyuma upande wa kulia kilikuwa kimevimba na moto. Alikamua michirizi miwili mitatu juu ya ile kaniki, na juu ya weusi wake tukaona vibonge vyeupe kama punje za wali.

"Kaniki ina kazi hii moja tu kwa ng'ombe," alisema taratibu. "Itandaze juu ya kikombe, kamulia michirizi ya kwanza, utaona ugonjwa mapema. Vibonge hivi ni wale askari niliowaambieni. Wamepigana, wamekufa humu. Joto hili ni vita. Pasaka hajalala, anajitetea. Lakini kila siku mnamwingizia maadui wapya kwa kitambaa hiki. Askari hawatawamaliza."

"Atapona?" Nyevu akauliza.

"Ni chumba kimoja. Kitambaa kikitoka leo, na dawa ikiingia leo, naona atapona. Maziwa yake msinywe wala kuuza mpaka siku tatu baada ya dawa ya mwisho." Akatoa vijibomba vya dawa, vya kuingizwa ncha zake kwenye tundu la chuchu.

Hapo Randu akatokea na kibuyu chake cha mnazi. Aliamkia, akajibiwa. Akaelezwa. Alisikiliza mpaka mwisho, maana Randu ni mtu wa adabu.

"Dawa ni nzuri," akasema. "Lakini fundo lilifungwa na mwenyewe mbele yangu. Likifunguliwa leo, na kesho ng'ombe akafa, nitamwambia nini ndugu yangu?"

"Lisipofunguliwa atakufa," Msellem akasema.

"Akifa na fundo lake, hakuna atakayeulizwa."

"Bwana Randu, na dawa nayo isitiwe?"

"Ng'ombe ni wa Dzombo. Aulizwe Dzombo."

Msellem ni mtu wa serikali, na ng'ombe wa mtu hamgusi bila ya idhini. Aliweka dawa mkononi mwa Nyevu, akamwonyesha namna ya kuitumia, akasema, "Nitafuteni mara mkikubaliana." Akaenda zake kwa miguu, akisukuma pikipiki.

Najua mtakalouliza: kwa nini Nyevu hakukata kile kitambaa siku ileile? Nami nilijiuliza. Lakini mnajua desturi zetu. Mwanamke akifungua kilichofungwa na mumewe, basi kila ubaya utakaokuja baadaye, wa ng'ombe, wa mtoto, wa shamba, utakuwa wake. Hata mvua isiponyesha. Nyevu alikuwa na dawa mkononi na kisu jikoni, na kati ya viwili hivyo alikosa neno moja la mtu. Kwa hiyo alilifuata neno.

Alipanda basi mapema, akavuka kivuko Kilifi, akashuka Kikambala, akasimama kwenye lango la nyuma la hoteli, panapopita wafanyakazi na mapipa ya takataka. Dzombo alikuja mbio, aproni nyeupe, mikono ina unga.

"Umekuja! Nani amefariki?"

"Hajafariki mtu. Pasaka anaumwa."

"Mama Kazungu, nimeacha sufuria motoni nikidhani msiba!"

Nyevu akamweleza yote. Dzombo akajifuta mikono kwenye aproni.

"Kaka anasemaje?"

"Anasema ng'ombe ni wako."

"Amesema hivyo?" Nyevu aliniambia kwamba uso wa mumewe ulichangamka kidogo. "Kaka ananiheshimu. Basi mwambie yeye ndiye mkubwa na ndiye aliyepo. Aamue."

"Sema wewe, Baba Kazungu. Sema 'fungua.' Neno moja tu nirudi nalo."

"Nikilisema hapa, niko mbali, itaonekana nimempita. Yeye ni mkubwa wangu."

"Na Pasaka?"

"Mwambie kaka aamue," Dzombo akarudia, na mtu akamwita jikoni.

Jamani, wanaume hawa wawili hawakuwa na ugomvi hata kidogo. Laiti wangekuwa nao! Pengine mmoja angefungua kwa kumkomoa mwenziwe. Waliheshimiana, kila mmoja akimtangulizia mwenziwe kama watu wawili mlangoni, "Pita wewe," "Hapana, wewe kwanza," na mgonjwa yuko ndani.

Kurudi, kivuko kilikuwa kimeharibika. Nyevu alikaa upande wa Mnarani mchana kutwa, juani, akitazama ng'ambo. Alipofika nyumbani alikwenda kwa Randu hata kabla ya kunywa maji.

"Amesema wewe ndiye mkubwa, uamue."

Randu alifikiri sana. "Amesema mbele ya nani?"

"Mbele yangu."

"Wewe na nani?"

"Mimi peke yangu, baba."

"Hapo ndipo palipo na uzito, mayo. Sisemi unasema uongo. Lakini neno la mali ya mtu haliwezi kuletwa na mkewe peke yake. Kesho atasema, 'Sikumtuma.' Mwezi unakaribia kwisha. Atakuja, atalisema mwenyewe."

Nami nilimwendea Randu. Alinipa kigoda, akanipa maji ya kunywa, akanijibu vilevile, kwa upole uleule. Nilirudi kwangu nikilipiga teke kila jani lililokuwa njiani.

Chumba cha pili kilivimba. Halafu cha tatu. Pasaka aliacha kula, na kwa kuwa hakula hakusimama, na kwa kuwa hakusimama chuchu zilikaa ndani ya uchafu usiku na mchana. Macho yake yalizama. Nyevu alikuwa bado akizungumza naye, lakini sasa kwa sauti ambayo sikuweza kuyapata maneno yake.

Siku moja asubuhi sikusikia sauti yoyote bandani. Nikavuka mikorosho. Nilimkuta Nyevu amepiga magoti kwenye sakafu, kisu cha jikoni mkononi, na fundo limekatika. Kaniki haikutoka kwa urahisi. Ilikuwa imeshikana na ngozi, na ilipotoka iliondoka na vipande vyake. Chuchu mbili zilikuwa baridi na zina rangi ya samawati. Aliposhika moja ikatoa maji ya rangi ya chai isiyo na maziwa, yenye harufu.

"Nishikie mkia," aliniambia. Hakulia. Aliosha, akakausha, akaingiza dawa chumba kimoja baada ya kingine, kama alivyofundishwa. Nilimpelekea Msellem habari, naye akaja na sindano siku ileile.

Pasaka hakufa. Homa ilishuka, akasimama, akaanza tena kula. Lakini Msellem alipomshika kiwele alitikisa kichwa. Vyumba vitatu vilikuwa vimekufa. "Chumba cha kiwele kikishakufa hakirudi," alisema, "hata akizaa tena." Kilichobaki kilitoa kikombe kimoja asubuhi na kikombe kimoja jioni.

Mwezi ukaisha. Dzombo akaja, akaenda bandani kabla ya kuingia nyumbani. Nilikuwepo.

"Nani amefungua?"

"Mimi," alisema Nyevu.

Dzombo alimtazama ng'ombe, akamtazama kaka yake, kisha akamtazama mkewe.

"Sasa umeona?" akasema.

Nikataka kumjibia Nyevu. Nilianza, nikaeleza habari ya unyevu na vijidudu na mlango usiojifunga, hatua kwa hatua, na Dzombo akanisikiliza, akasema, "Lakini fundo lilipokuwapo ng'ombe alikuwa ana maziwa." Na kwa hesabu yake hakusema uongo.

Jioni ileile alikuja mchinjaji na pikapu yake. Neno la kutibu lilikosa mwenyewe siku zote zile. Lile la kuuza halikuhitaji hata mashauri. Dzombo alilisema akiwa amekaa, akinywa mnazi, na Randu ndiye aliyeshika kamba hadi kwenye gari. Pasaka alitaka kurudi bandani, wakamsukuma.

Baada ya miezi kadhaa Bwana Msellem alirudi. Mradi ulikuwa na mtamba mwingine mwenye mimba, na wenyewe walisema mama aliyefuata mafunzo vizuri kuliko wote ni Nyevu, kwa hiyo apewe tena. Ilikuwa Jumapili na Dzombo yupo. Walikaa barazani yeye na kaka yake na mgeni wao. Nyevu alileta chai, lakini badala ya kurudi jikoni alibaki amesimama.

"Nitampokea," alisema, "kama neno la kumtibu ni langu. Akiumwa, nisimwulize mtu. Akifungwa kitu, nikifungue. Maziwa na ndama na ngozi yake viwe vya mwenye shamba, sina neno. Nataka hilo moja."

"Mwanamke huyu!" Dzombo akacheka kidogo, kisha akaona hakuna anayecheka naye.

"Mnasemaje, wenyewe?" Msellem akauliza. "Kwangu mimi ombi hili halina ubaya."

Dzombo alimtazama Randu. "Kaka, unasemaje?"

Randu alimtazama Dzombo. "Mke ni wako. Sema wewe."

"Wewe ndiye mkubwa."

"Lakini shamba ni lako."

Chai ikapoa. Nyevu alikusanya vikombe, hata vile ambavyo havijanywewa, akaondoka. Mtamba yule alipelekwa kwa Mbeyu, yule mjane mwenye mlango wa gunia, ambaye hana wa kumwuliza. Anakamuliwa mpaka leo, na chai ya Bi Kaltuma imerudia utamu wake. Nyevu hukata matete yaliyoota kwake, akayabeba kichwani hadi kwa Mbeyu. Mbeyu akiwa na homa au amesafiri, humkamulia. Banda la Nyevu mwenyewe limejaa kuni.

FUNZO

Jamaa zangu, funzo la kwanza ni la kiwele chenyewe. Ng'ombe ana ulinzi wake: ana msuli wa kufunga mlango, ana utando wa kunasa vijidudu, ana askari katika damu. Hakutuomba tumlinde kwa vitambaa. Alichotaka kwetu ni mikono safi, mahali pakavu, na majani mbele yake baada ya kukamuliwa ili asimame mpaka milango ijifunge. Mkiona vibonge kwenye maziwa au mkihisi joto, jueni vita imeanza ndani, na anayehitaji msaada anauhitaji siku hiyohiyo. Mwenye hofu ya jicho na aombe dua, na ajenge ukuta wa makuti kando ya njia. Kiwele akiache wazi.

La pili ni letu sisi watu wazima. Mtu anayeamka alfajiri kumkamua mnyama ndiye wa kwanza kujua kwamba anaumwa. Mkimnyima mtu huyo ruhusa ya kumtibu, mmemnyima mnyama tiba, hata dawa ikiwa iko ndani ya nyumba. Sikumwona mtu mbaya katika boma lile. Niliona heshima iliyozunguka kutoka kwa huyu hadi kwa yule bila kumfikia mwenye ndoo. Kwa hiyo, wewe mwenye ng'ombe unayefanya kazi mbali, kabla hujapanda basi mwambie mkeo, mbele ya kaka yako na mbele ya majirani, neno hili: akiumwa, mtibu, usiningoje. Lisemeni leo, wakati ng'ombe wenu bado wazima.